Mia Nane Thelathini na Tisa na Tumbo la Mkwe Wangu

Nianze na aibu yenyewe ili mnicheke mara moja, halafu tuendelee kwa amani: siku ambayo baba mkwe wangu alitoka Wamaza kuja Kasongo kuthibitisha kwa macho yake kwamba mimi ni mtu mzima, alinikuta nimevaa kaputula ya mwanafunzi, nimenyoa masharubu, nimesimama katika safu ya mwisho katikati ya watoto wa watu. Haya, chekeni. Mkimaliza nitaendelea.

Enzi hizo zilikuwa bado za Wabelgiji, na mimi nilikuwa monitere katika shule ya misheni (monitere ndilo jina walilotupa sisi walimu weusi, la mwalimu kamili walijiwekea wao). Nilikuwa kijana, nina viatu jozi moja, nina suruali ndefu mbili, na nina kimo ambacho nisiwafiche, nikisimama nyuma ya meza ya darasa mgeni huuliza mwalimu amekwenda wapi. Uso nao ulikuwa mororo kama wa mtoto aliyetoka kuoga. Kitu kimoja tu kilikuwa kikiniokoa, nacho ni masharubu, na masharubu hayo niliyalea kwa mafuta ya mawese asubuhi na jioni, maana niliyahitaji kuliko nilivyohitaji viatu.

Niliyahitaji kwa sababu ya Veronika. Veronika alikuwa binti wa Mzee Lubunga wa Wamaza, nilimwona alipokuja kwa masista kujifunza kushona, na tangu siku ile sikupata tena usingizi wa maana. Nikapeleka posa. Mzee Lubunga akanipokea, akanikalisha, akanitazama kuanzia viatu mpaka masharubu, halafu akawaambia wazee wenzake mbele yangu, bila hata kupunguza sauti:

"Sura ni ya mutoto, lakini masharubu ni ya mutu. Sasa mimi nitaamini nini? Nitakuja Kasongo siku ya defile, nimuangalie kwa kazi yake. Nikiona ni mutu mukubwa, atachukua Veronika. Nikiona ni mutoto, basi. Binti yangu haolewi na mutoto."

Hiyo defile mnayosikia ni gwaride la sikukuu ya Wabelgiji, tarehe ishirini na moja Julai, katikati ya kiangazi. Shule zote za misheni, pamoja na vile vishule vya porini vilivyoezekwa nyasi, zilikusanywa kwenye uwanja wa mpira wa Kasongo zisimame mbele ya Bwana Administrateri, mkubwa wa teritware nzima, yaani wilaya yetu. Na Administrateri yule, jamani, alikuwa na ugonjwa wake. Alipenda safu ziwe sawa. Safu ya mwisho ikiwa na watu pungufu yeye aliiita mkia, na mkia ulimuudhi kuliko kodi isiyolipwa. Mwaka uliotangulia aliona mkia kwenye shule moja ya porini, akauelekezea fimbo yake, akauliza, "Hii mukia ni ya nini? Shule ao panya?" na monitere wa pale akarudishwa kijijini kwao kulima pamba.

Kwa hiyo juma moja kabla ya sikukuu Padri akaniita. Padri wetu, mkuu wa shule, alikuwa mtu mpole aliyependa hesabu, na alijua mimi ndiye ninayefundisha hesabu. Akaniambia idadi ya wanafunzi wetu wote, pamoja na wa vishule vyetu vya porini kama cha Wamaza, ameshaipeleka kwa Administrateri, ni mia nane thelathini na tisa, hakuna kuongeza wala kupunguza, je, watapangika?

Ndugu zangu, hapa ndipo palipoanzia yote. Ningeweza kusema, "Padri, nipe usiku wa leo nijaribu." Mtu mwenye akili angesema hivyo. Mimi nikapindisha masharubu kwa vidole viwili, nikasema:

"Padri, hakuna hesabu kubwa isiyogawanyika. Niachie mimi."

Na nilikuwa naamini! Hapo ndipo penye kuchekesha. Namba tasa nilikuwa nazifundisha kila mwaka, zile ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Nilikuwa naziandika ubaoni mpaka thelathini na kitu, kengele inalia, tunakwenda nyumbani. Basi nikajijengea imani kwamba utasa ni ukaidi wa namba ndogo, na namba ikishakuwa kubwa inalainika yenyewe. Nilifikiri namba kubwa ni kama ukoo mkubwa, haiwezekani ukakosa mahali pa kugawanyikia (na ukoo wangu mimi umegawanyika mara nyingi, tena kwa mambo ya kipuuzi).

Jioni nikakaa na kibao changu cha mawe na chaki. Wanne wanne, pungufu mmoja. Watano watano, pungufu mmoja. Sita sita, pungufu mmoja. Nikacheka peke yangu. Saba saba, pungufu mmoja. Wanane, pungufu mmoja. Nikaacha kucheka. Kumi, pungufu mmoja, kumi na wawili, pungufu mmoja, yaani kila safu nilizopanga, ile ya mwisho ilikuwa na pengo la mtu mmoja kamili, palepale pembeni, na pengo lile lilianza kunitazama. Nikajaribu kumi na moja na kumi na tatu na kumi na saba, mambo yakawa mabaya zaidi. Niliendelea mpaka chaki ikaisha. Haikugawanyika. Mia nane thelathini na tisa ni tasa, ndugu zangu, tasa kabisa, na mimi nilikuwa nimempa Padri neno langu.

Mtasema, si ungetoa watoto kumi na mmoja, safu zikabaki kamili za kumi na wawili? Nilijaribu! Mkesha wa sikukuu nikawaambia watoto wa Wamaza, waliokuwa wa mwisho kufika, kwamba wao watakaa chini ya banda watazame. Hawakulia wao, walilia mama zao. Walikuwa wamewasindikiza watoto kwa miguu kutoka Wamaza, na chakula kichwani, na mashati mapya. Mama mmoja akaniwekea kidole karibu na pua: "Wote wanasimama, wa kwetu ndio wabakie? Wa kwetu iko na ukoma?" Nikakumbuka baba mkwe wangu anatoka wapi. Nikawarudisha safuni mbio.

Mtasema tena, si ungeazima mtoto mmoja wa mjini akaziba pengo? Nilizunguka Kasongo nzima. Kila mtoto mwenye miguu miwili alikuwa ameshachukuliwa na shule yake, maana wote walikuwa na zamu siku hiyohiyo, na waliobaki walikuwa wa kubebwa mgongoni. Asubuhi ya sikukuu ikanikuta nimesimama kwenye stoo ya shule, sina mtu, ila kuna sare moja imebaki juu ya rafu, shati na kaputula, saizi ya mwisho kabisa, ya wale wanafunzi wakubwa wenye miaka kumi na sita. Nikaichukua. Nikaipima kiunoni. Ilinienea vizuri mno, hilo ndilo lililoniuma.

Mwenzangu Yozefu, monitere wa kuimba, ndiye aliyekuwa atoe amri mbele. Akaniona nimevaa, akashika ukuta.

"Alfonsi, na masharubu?"

Kumbe kweli, masharubu. Mwanafunzi gani ana masharubu yaliyopakwa mawese? Tarumbeta lilikuwa limeshalia mara ya kwanza huko uwanjani. Nikaomba wembe. Nilijiambia kwamba Mzee Lubunga hatafika asubuhi hivyo, ni safari ndefu, atafika mchana, na mchana nitakuwa nimevaa suruali ndefu, nitamweleza kwamba masharubu nimeyatoa kwa sababu ya joto. (Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.) Nikayanyoa. Yozefu akanitazama akasema nimekuwa kama mdogo wangu.

Basi tukajipanga, kumi na wawili kila safu, safu sabini, na mimi nikaingia kwenye pengo la safu ya sabini, pembeni kabisa, karibu na watoto wa Wamaza. Watoto walikuwa wameonywa wasicheke, wakawa wanacheka kwa mabega. Lakini jamani, ilipendeza. Kutoka mbele mpaka nyuma hakuna mkia. Nilivuta pumzi, nikasema moyoni, Alfonsi, umeshinda.

Ndipo nikasikia fimbo inagonga udongo nyuma yangu.

"Habari yenu, watoto ya kwetu," sauti ikasema. "Mumefika muzuri?"

"Muzuri, Mzee Lubunga!" wakaitikia wote.

Alitoka Wamaza siku mbili kabla, kumbe, alale njiani awahi. Akasimama nyuma yetu kabisa, kwenye kamba ya watazamaji, nasikia pumzi yake. Sasa muelewe jambo moja, nyinyi mliozaliwa juzi: kwetu baba mkwe unampisha njia, unaingia porini apite, humtazami usoni, humwiti kwa jina, na kumwonyesha magoti ni jambo ambalo sikuwahi kusikia mtu amelifanya akabaki na mke. Na magoti yangu yalikuwa wazi, yamempa kisogo kwa bahati tu, ila visigino na mapaja vyote alikuwa navyo mbele ya macho.

"Mimi niko natafuta mutu mumoja," akawaambia watoto. "Ule monitere wa masharubu, Alfonsi. Iko wapi?"

Kicheko kidogo kikapita safuni kama chafya inayozuiwa.

"Iko... karibu, Mzee," mmoja akasema.

"Muzuri. Nitamungojea hapahapa. Nataka nione vile anaamrisha watu."

Jasho lilinitiririka mpaka ndani ya soksi ambazo sikuwa nimezivaa. Sikuweza kugeuka. Sikuweza kuondoka, nikiondoka pengo linafunguka. Nikabaki nimenyooka, namwomba Mungu Administrateri apite haraka.

Administrateri hakupita haraka. Alikagua safu moja moja, kofia yake nyeupe kichwani, Padri pembeni yake, na kila safu alihesabu kwa fimbo huku akisema "Muzuri, muzuri." Alipofika safu ya sitini na kitu alikuwa ameanza hata kutabasamu. Akafika ya sabini. Akaanza na watoto wa Wamaza, muzuri, muzuri, akafika kwangu, fimbo ikasimama hewani. Akatazama magoti yangu. Magoti yangu, ndugu zangu, yana nywele.

"Wewe. Iko na myaka ngapi?"

Nilitaka kujibu kwa sauti nyembamba, na ili sauti iwe nyembamba nikasafisha koo kwanza. Nikakohoa. Sasa darasa langu nilikuwa nimelizoesha, nikikohoa mlangoni wote wanasimama na kusalimu kwa pamoja kwa Kifaransa. Nikakohoa pale safu ya sabini, na huko katikati ya uwanja sauti arobaini zikapasuka kwa mpigo mmoja:

"Bonzuru, mesiye!"

Administrateri akageuka kutazama nani amefika. Hakuna aliyefika. Akanirudia mimi, macho yamekuwa madogo.

"Myaka ngapi?"

"Kumi na tano, Bwana," nikasema, na sauti ikatoka nzito, nzito kuliko siku zote, sijui iliteremkia wapi.

"Kumi na tano. Saba mara nane?"

"Hamsini na sita, Bwana."

"Ishirini na tisa, karee yake?"

Karee ni mraba, yaani namba mara yenyewe. Mwanafunzi wa kweli hapo angelia tu, na mimi ningelia pia kama ningekuwa na akili. Lakini zile karee nilikuwa nikiwaimbisha watoto mpaka thelathini, wao husahau, mimi zimenikaa mdomoni kama sala, swali lilipokuja jibu likatoka lenyewe kabla sijalizuia:

"Mia nane arobaini na moja, Bwana!"

Administrateri akamgeukia Padri. Padri akapiga hesabu kidogo juu ya kiganja chake, uso wake umekuwa mwekundu mpaka masikioni, akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Halafu, kwa kuwa ni padri na hakuweza kudanganya, akasema taratibu:

"Bwana, huyu si mwanafunzi. Ni monitere wangu, Alfonsi."

Nyuma yangu fimbo ikaacha kugonga udongo.

"Alfonsi?" Mzee Lubunga akasema. "Alfonsi wa masharubu?"

Hapo watoto hawakuweza tena. Walicheka safu ya sabini, ya sitini na tisa, kicheko kikasonga mbele mpaka kwa wapiga tarumbeta, wamama wa Wamaza wakashikana mabega, na mimi nikatamani ile ardhi ya Kasongo, ambayo imemeza watu wengi wenye heshima kuliko mimi, ifunguke mara moja tu inichukue. Sikuwaza tena Padri wala Administrateri. Niliwaza Veronika. Nilimwona kabisa anaambiwa, "Ule muoaji wako ni mutoto wa shule," na anainamisha kichwa juu ya cherehani.

"Toka," Administrateri akasema.

Nikatoka. Pengo likafunguka. Administrateri akalielekezea fimbo, akamtazama Padri tu, na Padri akatazama viatu vyake.

Sasa sikilizeni. Mzee Lubunga akaruka kamba. Mzee wa miaka ile, ana kitambi kikubwa na koti jeusi la Jumapili, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akaingia kwenye pengo langu, akaweka fimbo begani.

"Bwana," akasema, "hawa ni watoto ya Wamaza. Safu yao haiwezi kubakia na pengo, na mimi naangalia."

Hata leo sijui alifanya vile kwa hasira juu yangu au kwa huruma juu ya watoto. Administrateri naye alikuwa mtu wa ajabu, akamtazama mzee, akatazama koti, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka kwa meno. Akasema mzee abaki. Halafu akanigeukia, na kile kicheko kikawa kimeisha.

"Na wewe, ulitaka kuwa mwanafunzi. Rudi. Kuwa mwanafunzi."

Nikarudi, lakini nirudi wapi? Nafasi yangu ilikuwa na mkwe wangu. Nikasimama nyuma ya safu ya sabini, peke yangu. Administrateri akanielekezea fimbo.

"Sasa iko mukia. Mukia ni wewe. Ondoa mukia, lakini hapana ondoa mutu. Ukishindwa, kesho unarudi kwenu kulima pamba."

Kama ningerudi kulima pamba, Mzee Lubunga asingehitaji hata kunipima tena. Sasa nikaanza kugawa, kichwani, jua linachoma. Wawili wawili, anabaki mmoja. Watatu, anabaki mmoja. Wanne, watano, sita, saba, wanane, kila ninapogawa anabaki mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Juma lile namba ilinipungukia mmoja kila upande, leo inanizidi mmoja kila upande, mpaka nikahisi namba hizi zina kisa na mimi binafsi. Wako wangapi, kwani? Watoto mia nane thelathini na tisa, na mimi, na mzee. Mia nane arobaini na moja.

Mia nane arobaini na moja! Si nimeitaja sasa hivi kwa mdomo wangu mwenyewe?

Ishirini na tisa mara ishirini na tisa. Nani hupanga watu ishirini na tisa kwa safu? Hakuna. Ndiyo maana sikuijaribu. Lakini ilikuwa pale, imekamilika pande zote nne, na watu waliohitajika kuikamilisha walikuwa wawili tu, mimi na yule mzee aliyekuja kunikataa. Nikasahau kaputula. Nikasahau magoti, nikasahau hata jina langu, nikakimbia mpaka katikati ya uwanja nikapiga kelele:

"Karee! Wote! Ishirini na tisa kila safu! Yozefu, shika mstari wa goli!"

Yozefu alifikiri jua limenipiga, ila alishika mstari. Tukaanza kumwaga safu na kuzijenga upya, na mimi nikiwa kazini, mtaniwia radhi, sioni watu, naona namba. Nilikimbia huku na huku, nikisukuma mabega, nikivuta mikono, huyu mbele, huyu nyuma, ninyi watatu hamieni pale, na sauti ile nzito iliyonisaliti mwanzo sasa ilikuwa inasikika mpaka sokoni. Safu ziliungana vizuri. Ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tano. Ya ishirini na tisa ilikuwa imepinda kidogo, kuna kitu kinatokeza mbele ya mstari, na mimi nikiwa mbali naona jeusi tu linatokeza.

"Wewe mwenye fimbo!" nikapiga kelele. "Sogea kushoto! Kushoto, nimesema! Na ingiza tumbo!"

Uwanja mzima ukanyamaza. Hata kuku walinyamaza. Lile jeusi likasogea kushoto. Likaingiza tumbo. Mstari ukanyooka kama uzi, nikaingia mbio kwenye nafasi ya mwisho iliyobaki, ambayo ilikuwa ya pembeni yake, nikasimama wima, na hapo ndipo nilipotazama kando nikaona ni nani niliyemwamrisha.

Administrateri alizunguka pande zote nne akihesabu kwa fimbo. Alizunguka mara ya pili, kwa kufurahi tu. Akampa Padri mkono. Watu wakapiga makofi, tarumbeta likalia, bendera ikapanda, na mimi sikuona chochote cha hayo, maana pembeni yangu kulikuwa na mzee amebana pumzi, tumbo lake liko ndani, anatazama mbele, na hakulirudisha nje mpaka Yozefu alipotoa amri ya kutawanyika.

Alasiri wakaniita kwenye baraza ya misheni. Nilikuwa nimevaa suruali ndefu, ile nzuri, lakini mdomo wangu wa juu ulikuwa mtupu kama sahani ya mgeni. Mzee Lubunga alikaa kwenye kiti, wazee wawili wa Wamaza pembeni. Nikapiga magoti, nikatazama chini, nikangoja kukataliwa. Moyo uliniuma kweli. Nilikuwa nimeshatunga hata maneno ya kumtumia Veronika salamu za mwisho.

"Nilikuja kuangalia kama huyu ni mutu mukubwa ao mutoto," Mzee Lubunga akawaambia wenzake, kwa sauti yake ileile isiyopungua. "Nimemukuta na kaputula. Nimemukuta bila masharubu. Nimeona magoti yake, na mimi sikuomba kuyaona. Mimi nilitaka kurudi Wamaza palepale."

Wazee wakaguna.

"Lakini sasa mimi niko na shida. Mbele ya watu wote wa Kasongo, mutu aliniambia sogea kushoto, nikasogea. Aliniambia ingiza tumbo, nikaingiza. Kama nasema huyu ni mutoto, basi mimi Lubunga niliamrishwa na mutoto. Hii watu wataimba mpaka Kabambare." Akagonga fimbo chini. "Hapana. Mimi sijaamrishwa na mutoto hata siku moja. Kwa hiyo wewe ni mutu mukubwa. Inuka."

Niliinuka. Mzee akaendelea kusema kwamba kutakuwa na mbuzi wawili zaidi ya mahari, mmoja wa magoti na mmoja wa tumbo, na kwamba harusi haitafungwa mpaka masharubu yaote upya, hataki binti yake aonekane anaolewa na mwanafunzi. Nikakubali yote. Ningekubali hata ng'ombe.

Masharubu yalichukua muda wake, nami niliyapaka mawese mara tatu kwa siku. Tukaoana, na mpaka leo Veronika akitaka nafasi zaidi kitandani ananiambia kwa sauti nzito, "Wewe, sogea kushoto," na mimi nasogea, nifanyeje. Kaputula sikuvaa tena, hata kwenda mtoni. Na neno "niachie mimi" nililiapia siku ileile: sijalisema tena mbele ya namba yoyote, kubwa wala ndogo, kabla sijaijaribu kwa tasa zote zinazoiweza, na hata hapo bado nasema labda.

Ila mzee alinilipa. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo, kila nilipokwenda Wamaza kumsalimu, nikipisha njia, nikiinamisha macho kama inavyotakiwa, nilikuwa namsikia anainuka kwenye kiti chake taratibu, anashika fimbo, anaiweka begani, halafu anavuta pumzi na kuingiza tumbo. Na safari ya mwisho, alipokuwa mgonjwa amelala na tumbo lenyewe limekwisha, aliniona naingia mlangoni, akavuta pumzi ile ile, akaizuia kidogo, akanitazama kama anauliza je, mstari umenyooka. Nikamwambia umenyooka, Baba.